Uzi: Shule na vyuo vya kale vya Alabama, kuanzia Tuscaloosa hadi Tuskegee, na kipande kilichofika Kabete

Mkaa_Kusini

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mmoja wa elimu humu ndani watu walibishana hadi kutukanana: Tuskegee ni chuo, ni kikosi cha marubani weusi wa Vita Kuu ya Pili, au ni ule utafiti wa kaswende? Ni vyote, na vyote vimetoka mji mmoja mdogo wa Alabama, kusini mwa Marekani. Mimi naishi jimbo hili, barabara zake nazijua, nikaona nifungue uzi wa shule zake za zamani. Ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, kilifungua milango Aprili 1831. Agosti mwaka huohuo mtumwa Nat Turner akaongoza uasi kule Virginia, na wenye mashamba wa kusini wote wakaingiwa na hofu. Mwaka 1832 Bunge la Alabama likatunga sheria: atakayejaribu kumfundisha mtumwa, au hata mtu mweusi aliye huru, kuendeleza maneno, kusoma au kuandika, faini yake dola 250 hadi 500. Kwa zama zile hiyo ni hela ya kununua shamba. Nawaeleza hivyo kwa sababu baadaye mtaona shamba la Tuskegee liliuzwa bei gani.

Chuo cha Tuscaloosa kilijengwa na kuhudumiwa na watumwa. Tarehe 4 Aprili 1865, mwishoni mwa vita vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vilivyokomesha utumwa, siku tano kabla Jenerali Lee wa Kusini hajasalimu amri, wapanda farasi wa Jeshi la Kaskazini walikitia moto kwa kuwa kilikuwa kinawaandalia Kusini maofisa wa jeshi. Yakabaki majengo machache: nyumba ya mkuu wa chuo, jengo la kutazamia nyota, kibanda cha walinzi, na nyumba ambayo leo inaitwa Gorgas House. Maktaba iliteketea. Inasimuliwa kwamba mtunza maktaba alimsihi ofisa aiache, ofisa akakataa, ila akakubali kitabu kimoja kitolewe. Kilichotoka ni Kurani, tafsiri ya Kiingereza. Wenyeji wanaisimulia mpaka leo, na wengi wao ni Wabaptisti wa kufa.

Lakini jengo ninalolipenda kuliko yote halipo Tuscaloosa. Lipo Talladega, kama mwendo wa saa moja mashariki ya Birmingham. Linaitwa Swayne Hall, jengo la matofali lenye nguzo ndefu mbele. Lilijengwa 1852 hadi 1853 liwe shule ya Wabaptisti kwa vijana wa kizungu, na kazi ilifanywa na watumwa. Mmoja wao alikuwa seremala, William Savery.

Vita vikaisha. Novemba 1865 Savery na mwenzake Thomas Tarrant walisafiri hadi Mobile kwenye mkutano wa watu walioachwa huru, wakarudi na azimio moja: watoto wetu wasome. Wakabomoa mbao za karakana iliyotelekezwa, wakasimamisha darasa la chumba kimoja. Likafurika. Wakati huohuo lile jengo la Wabaptisti lilikuwa linauzwa kwa sababu ya madeni. Wakamfuata Jenerali Wager Swayne, mkuu wa ofisi ya serikali iliyoshughulikia walioachwa huru, naye akalishawishi shirika la wamisionari la AMA lilinunue. Mwaka 1867 likafunguliwa likiwa na wanafunzi kama 140. Jengo lililojengwa na watumwa, watoto wa walioachwa huru wakaingia mlango wa mbele na mbao zao za kuandikia.

Naendelea, msiweke koma bado.

BintiTanga

Kaka, kabla hujaendelea. Hao AMA ndio wale wa kesi ya meli ya Amistad au nachanganya?

Mkaa_Kusini

Dada, hujachanganya. Mwaka 1839 Waafrika waliotekwa, wengi wao Wamende wa Sierra Leone ya leo, waliiteka meli ya Amistad wakiongozwa na Sengbe Pieh. Wakakamatwa pwani ya Marekani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashinda 1841. Kamati iliyowatetea ndiyo mojawapo ya mizizi ya AMA, lililoundwa 1846. Na Talladega hawajasahau: maktaba yao, Savery Library, ilipofunguliwa 1939, mchoraji Hale Woodruff alichora picha kubwa za ukutani za uasi ule, kesi ile na safari ya kurudi Afrika. Sakafuni nayo imetiwa picha ya meli yenyewe, na desturi ya wanafunzi ni kutoikanyaga. Ukienda utaona watu wanapinda njia katikati ya ukumbi bila hata kuangalia chini.

Turudi kwenye reli.

Kuna mji unaitwa Marion. Mdogo kweli, ukipiga chafya umeupita, lakini kwa shule umejaa kama Moshi. Wasichana wa kizungu walikuwa na Judson, tangu 1838. Wavulana wa kizungu walikuwa na Howard College. Mwaka 1867 wanaume tisa waliotoka utumwani wakasajili shule yao, wakaiita Lincoln. Mwaka 1874 jimbo likaichukua sehemu ya ualimu, ikawa moja ya vyuo vya kwanza vya watu weusi kulipiwa na serikali ya jimbo. Kisha ukatokea ugomvi kati ya vijana wa Howard na wanafunzi weusi. Mwaka 1887 chuo cha weusi kikahamishiwa Montgomery, na leo ndicho Alabama State University. Kichekesho ni kwamba Howard nayo ilihama mwaka huohuo kwenda Birmingham. Sasa inaitwa Samford.

Wazazi weusi wa Marion hawakukubali kubaki mikono mitupu. Shule ya Lincoln iliendelea palepale kama sekondari, AMA wakiishika mkono, mpaka 1970. Mwaka 1945 aliyeongoza darasa lililomaliza alikuwa binti wa vijijini huko, Coretta Scott. Mnamjua kwa jina la mumewe, King.

Ngosha_Mtulivu

Madini haya mkuu. Ila fika Tuskegee basi, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Mimi msimamo wangu uko palepale: Booker T. Washington, mkuu wa kwanza wa Tuskegee, aliwauza watu wake. Alisimama Atlanta 1895 akawaambia wazungu kuwa weusi watatulia na majembe, mambo ya kura yasubiri. Du Bois, msomi mweusi mwenzake, alimsema mapema.

Mkaa_Kusini

Nilijua utakuja, Ngosha. Kwanza tujue kilichojengwa, halafu tumhukumu.

Tuskegee ilizaliwa kwa dili la uchaguzi. Mwanasiasa mzungu, W. F. Foster, kanali wa zamani wa Jeshi la Kusini, alitaka kura za weusi. Akamwendea Lewis Adams, fundi bati aliyekuwa mtumwa na ambaye watu walimsikiliza. Adams hakuomba hela ya mfukoni. Aliomba shule ya ualimu. Bunge likatenga dola 2,000 kwa mwaka, za mishahara tu. Hakuna kiwanja, hakuna jengo wala kitabu. Wakaandika barua Hampton, chuo cha weusi kule Virginia, waletewe mwalimu, akaja kijana wa miaka 25, Booker. Masomo yalianza tarehe 4 Julai 1881 kwenye kibanda kibovu kando ya kanisa. Mvua ikinyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli wakati anasikiliza wengine wakisoma.

Shamba la ekari 100 lilipatikana kwa dola 500, nusu yake mkopo kutoka kwa mtunza fedha wa Hampton. Linganisheni na ile faini ya 1832: adhabu ya juu ya kumfundisha mweusi kusoma ilikuwa sawasawa na bei ya shamba zima la Tuskegee.

Matofali walichoma wenyewe. Tanuru la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likaanguka wakati kuchoma kunakaribia kuisha, na fedha zimekwisha. Booker akaenda Montgomery akaweka rehani saa yake kwa dola 15. Tanuru la nne likatoa tofali. Saa hakuikomboa maisha. Baadaye wazungu wa jirani, hata waliokuwa hawaitaki ile shule, wakawa wanakuja kununua tofali, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuwauzia.

Msanifu wa majengo yao alikuwa Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, chuo maarufu cha teknolojia, mwaka 1892. Mwanafunzi alichimba udongo, akachoma, akajenga, halafu akalala kwenye bweni alilojenga. Nyumba ya Booker mwenyewe, The Oaks, imesimama hadi leo. Ukisogea karibu na ukuta unaona tofali haziko sare: nyingine nyekundu iliyokolea, nyingine imeiva kupita kiasi imekuwa ya zambarau. Ni kazi ya wanagenzi na haijafichwa kwa plasta.

Olivia Davidson, ambaye baadaye akawa mke wa pili wa Booker, ndiye aliyezunguka kuomba michango tangu mwanzo, ingawa hadithi nyingi zinampitia juu kwa juu. George Washington Carver, mwanasayansi wa kilimo, alifika 1896. Watu wanamkumbuka kwa karanga. Mimi namkumbuka kwa gari la kukokotwa na nyumbu, Jesup Wagon, lililoanza 1906: limejaa majembe, mbegu na vyombo, linamfuata mkulima kijijini. Aliyeliendesha, Thomas Campbell, akawa bwana shamba wa kwanza mweusi wa serikali kuu ya Marekani.

Booker alipofariki Novemba 1915, chuo kilikuwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi kama 1,500. Walimu wote weusi. Hapo ndipo mimi na Ngosha tunapoachana. Mdomoni Booker alisema jembe. Chini ya meza alilipia kwa siri kesi ya Jackson Giles wa Montgomery dhidi ya katiba ya Alabama ya 1901, ile iliyowanyang'anya weusi kura. Kesi ilishindwa 1903, lakini hela ilikuwa yake.

Ngosha_Mtulivu

Ya siri nayo inahesabika? Watu walichomwa moto wakiwa hai kusini huko wakati yeye anakula na matajiri.

Halafu Togo je? Mwishoni mwa 1900 alipeleka watu wake Togo kuwasaidia Wajerumani kulima pamba. Wanyama wa kukokota mikokoteni wakafa kwa magonjwa, watu wakafungwa kwenye mikokoteni badala ya ng'ombe. Kamati ileile ya uchumi wa makoloni iliyopanga mambo ya Togo ndiyo iliyokuwa inasukuma pamba Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waulize Wamatumbi mashamba ya pamba ya lazima yalizaa nini 1905.

Mkaa_Kusini

Togo siitetei. Walikwenda wanne, wakiongozwa na James Calloway, na walichojenga kiliishia mikononi mwa koloni. Hapo umenifunga goli.

Mwl_Mstaafu

Vijana, hamjambo. Mimi nilifundisha shule za msingi tangu enzi ya Elimu ya Kujitegemea, tukilima mahindi na watoto. Ninachotaka kujua ni je, hii habari ya Alabama iligusa shule zetu moja kwa moja, au tunafananisha tu?

Mkaa_Kusini

Shikamoo mwalimu. Iligusa, na kuna watu humu wa upande wa Kenya wanaolijua hilo kuliko mimi. Nianze na mwanzo wake tu.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ya Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na kwingine kutazama elimu ya Mwafrika. Mwafrika pekee katika tume alikuwa James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo. Walikuja na mfano mmoja kichwani: Hampton na Tuskegee. Waingereza wakaupokea kwa mikono miwili, kwani neno "kazi za mikono" liliwatuliza. Kabete_Line, uko wapi?

Kabete_Line

Niko. Shikamoo mwalimu.

Hapa kwetu tume ile ilizaa Jeanes School, Kabete, mwaka 1925. Jina ni la Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa shule za weusi za vijijini kusini mwa Marekani, na Booker alikuwa kwenye bodi ya mfuko huo. Kabete walifundishwa walimu wa kuzungukia shule za vijiji, wake zao wakifundishwa nao. Afya, kilimo, useremala. Leo pale ni Kenya School of Government, watumishi wa serikali wanakwenda kozi wakiwa na kompyuta mpakato, na wachache wanajua jina lilitoka wapi.

Tofauti yake na Tuskegee ni kwamba Tuskegee mkuu alikuwa mweusi, walimu weusi, shamba lao, tofali lao. Kabete mwalimu alikuwa Mwafrika, lakini funguo zilikuwa na serikali ya koloni. Wazee wetu waliliona hilo upesi. Mbiyu Koinange alipelekwa Hampton 1927, akaendelea na vyuo vingine Marekani, akarudi. Mwaka 1939 akafungua Kenya Teachers' College pale Githunguri. Hela ilitoka kwa marika, kila rika likishindana na jingine kuchanga. Serikali ilikifunga 1952. Sasa mniambie kati ya Kabete na Githunguri, ipi ndiyo mtoto wa Tuskegee.

BintiTanga

Githunguri. Hata sijafikiria mara mbili.

Mkaa_Kusini

Umeniwahi, Kabete_Line. Ndicho nilichokuwa nakizungukia. Kilichosafirishwa kuja kwetu ni jembe, mwenye shamba akabaki Alabama.

Na hilo la kuchanga linanirudisha kwenye shule za Rosenwald. Julius Rosenwald alikuwa rais wa kampuni ya Sears, Roebuck. Alipoingia bodi ya Tuskegee mwaka 1912, Booker alimshawishi ajaribu kujenga shule sita ndogo vijijini Alabama. Sharti: wanakijiji nao watoe. Mpaka 1932 zilikuwa karibu 5,000 katika majimbo 15, na Alabama peke yake karibu 400. Matajiri ndio wanaopewa sifa, lakini hesabu inasema watu weusi wenyewe walichanga kama dola milioni 4.7, Rosenwald kama milioni 4.4. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa kodi, ambayo weusi nao walilipa. Kwa hiyo walilipia shule zao mara mbili. Kuna vijiji vilitenga kipande cha shamba la pamba, mavuno yake yote ya shule. Wengine waliuza kuku.

Ramani ya shule hizo ilichorwa kwanza Tuskegee. Hakukuwa na umeme, hivyo madirisha yalipangwa marefu, yamebanana, yakitazama mashariki na magharibi, na madawati yakawekwa ili mwanga umfikie mtoto kutoka kushoto, kivuli cha mkono kisianguke kwenye daftari. Moja imebaki Notasulga, jirani na Tuskegee, inaitwa Shiloh. Ukiingia saa tatu asubuhi huhitaji taa.

Hapohapo Shiloh ndiko kwenye sehemu chungu. Wanaume wa eneo lile ni miongoni mwa walioingizwa kwenye utafiti wa kaswende wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, 1932 hadi 1972. Wanaume 399 walikuwa na ugonjwa, 201 hawakuwa nao. Hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida wakanyimwa. Hospitali ya chuo ilihusika. Rais Clinton aliomba radhi Mei 1997. Hao marubani nao walifunzwa Moton Field, kilomita chache kutoka chuoni, kuanzia 1941. Nadhani ule ubishi wa mwanzo umekwisha.

Mwl_Mstaafu

Na kile chuo cha Tuscaloosa cha Kurani? Weusi waliingia lini?

Mkaa_Kusini

Mwalimu, Februari 1956 aliingia Autherine Lucy, kusomea ukutubi. Siku ya tatu ya masomo, tarehe 6, umati ulimrushia mawe na mayai, chuo kikamsimamisha "kwa usalama wake", kisha kikamfukuza. Amri ile ilifutwa 1988. Akarudi, akachukua shahada ya uzamili 1992. Februari 2022 bodi ilitaka jengo liitwe jina lake sambamba na la Bibb Graves, gavana aliyekuwa mtu wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi. Watu wakapiga kelele, jina la Graves likaondolewa. Mama Lucy akafariki Machi 2, wiki chache baadaye.

Juni 11, 1963 ndiyo ile picha mnayoijua, Gavana George Wallace kasimama mlangoni pa Foster Auditorium kuwazuia Vivian Malone na James Hood. Kennedy akalitwaa jeshi la akiba la jimbo, jenerali akamwambia Wallace asogee, akasogea. Malone alihitimu 1965. Mwezi mmoja kabla ya kioja hicho, Birmingham, watoto wa Parker High School walikuwa tayari wametoka madarasani kwenda kukamatwa kwa mamia. Parker ilianza 1900, wakati mmoja ikisifiwa kuwa sekondari kubwa kuliko zote za weusi duniani. Sun Ra, yule mwanamuziki aliyesema katoka sayari ya Zohali, alisoma hapo.

Ngosha_Mtulivu

Sawa mkuu. Vyuo hivyo vipo hai au vimebaki majengo?

Mkaa_Kusini

Vingi vya weusi vipo: Tuskegee, Talladega, Alabama State, Stillman, Miles, Oakwood ya Wasabato. Kati ya vilivyokufa karibuni vipo vya wazungu matajiri wa zamani: Judson ya Marion ilifungwa 2021, Birmingham-Southern, iliyoanzishwa 1856, ikafunga Mei 2024.

Lakini kuwa hai si kulishwa vizuri. Alabama ina vyuo viwili vilivyofanywa vyuo vya kilimo chini ya sheria za serikali kuu: Auburn, na Alabama A&M ya Huntsville, iliyofunguliwa 1875 na William Hooper Councill, mtu aliyezaliwa utumwani. Mwaka 2023 serikali kuu ilimwandikia gavana wa jimbo kwamba, ukilinganisha fedha kwa kila mwanafunzi, A&M imepunjwa kama dola milioni 527 katika miaka 30 hivi. Kwa hiyo Ngosha, ukitaka kubishana nami tena kuhusu Booker, nipe nafasi nifungue uzi wa Councill kwanza. Huyo aligombana na Booker mwenyewe kuhusu fungu la serikali kuu la 1890 kwa vyuo vya kilimo vya weusi liende chuo gani, na alishinda.